Mzee mwenye mvi na pikipiki ya mashindano: haramu, aibu, au vipi?



 

Limetufikia swali ambalo halifanani na yale tuliyoyazoea. Tumezoea kuulizwa kuhusu talaka, mirathi, mikopo ya benki, na kila Shaabani inapokaribia kwisha, kuhusu mwezi umeonekana wapi. Safari hii aliyeuliza ni baba wa watoto wanne, mkazi wa Biryogo hapa Kigali, mwenye umri wa miaka 52. Amenunua pikipiki kuukuu aina ya Yamaha DT, zile za injini ya mipigo miwili zilizokuwa zikipanda milima na watu wa miradi. Ameifungua mpaka nati ya mwisho na kuifunga upya, na sasa anataka kushindana nayo kwenye uwanja wa udongo pamoja na wanaume wa rika lake wenye pikipiki za zamani kama yake. Mjomba wake amemwambia hiyo ni haramu. Mashemeji zake wamemwambia ni aibu, mtu mzima mwenye mvi kurukaruka matopeni. Mkewe hakusema haramu wala aibu. Ameuliza tu: ukivunjika mguu, nani atalisha watoto?

Sisi tunaona kwamba kati ya wote hao, aliyeuliza swali lenyewe ni mama watoto. Mjomba na mashemeji tutawajibu, na majibu yao si magumu sana. Lakini yeye ndiye mwenye hoja, na tutamfikia inshaAllaah.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, maana wasomaji wengi wakisikia mashindano ya pikipiki hufikiria vijana wanaokimbizana barabarani usiku. Hilo ni jambo jingine kabisa. Mchezo huu unaitwa motokrosi. Pikipiki nyepesi zenye tairi za meno hukimbia kwenye uwanja uliofungwa, wenye vilima, mabonde na kona za udongo, mzunguko baada ya mzunguko. Ulianzia Uingereza, shindano linalohesabiwa kuwa la kwanza lilifanyika Camberley tarehe 29 Machi 1924. Waliokuja kuutawala baadaye ni Wabelgiji, hao hao waliotutawala sisi mpaka 1962. Joël Robert alikuwa bingwa wa dunia mara 6, na Roger De Coster mara 5 kati ya 1971 na 1976. Hata kitu kilichougeuza mchezo kilitoka kwao: Mbelgiji Lucien Tilkens alibuni mtindo wa kutumia shokapu moja ya nyuma badala ya mbili, Yamaha wakauchukua, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akatwaa nao ubingwa wa dunia katika daraja la cc 250.

Mtu atasema, shokapu na dini wapi na wapi? Subirini kidogo. Kabla ya hapo gurudumu la nyuma lilikuwa likipanda na kushuka kiasi cha milimita 100 tu. Pikipiki mpya za motokrosi leo hufikia milimita 300. Mashine ilipoweza kuhimili kutua kutoka juu, viwanja navyo vikajengwa miruko mirefu zaidi na zaidi, mpaka imekuwa kawaida kumwona mpanda pikipiki akielea hewani kama ndege. Kijana wa miaka 20 akianguka kutoka huko juu huenda akajipangusa vumbi akaondoka. Mtu wa miaka 52 mifupa yake haina msamaha huo.

Kwa sababu hiyo, pamoja na mapenzi ya vitu vya kale, wapenzi wa pikipiki za zamani walijitenga na kuwa na mashindano yao. Huko Marekani madaraja ya zamani yamewekewa mpaka wa mwaka 1974, yaani mashine za kabla ya shokapu ndefu kuenea, na shokapu hupimwa kwa rula ili mtu asije akafunga ya kisasa kwenye fremu kuukuu kwa hila. Viwanja vyao hufuata ardhi ilivyo, bila ile miruko ya kutisha. Kisha wakagawana tena kwa umri wa mtu mwenyewe: waliopita miaka 50 wana mbio zao, waliopita 60 wana zao, na hata waliopita 70. Katika eneo letu hili motokrosi ipo Kenya na ipo Uganda, ambako kuna uwanja kule Busiika, kaskazini mwa Kampala, na huko ndiko ndugu yetu anakotazamia kwenda.

Sasa turudi kwa mjomba.

Mjomba wetu tunamheshimu, lakini neno haramu si neno la kulitupa kama kokoto. Asili ya mambo ya kidunia ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kuyakataza, na anayedaiwa dalili ni yule anayeharamisha. Katika mbio tuna dalili za upande wa pili. Amepokea Ibn 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhumaa) kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliandaa mashindano ya farasi Madiynah. Farasi waliofunzwa na kukazwa miili kwa ajili ya mbio aliwawekea masafa marefu, kutoka Al-Hafyaa' mpaka Thaniyyatul-Wadaa', kiasi cha maili 5 au 6. Wale ambao hawakuandaliwa aliwawekea kutoka Thaniyyatul-Wadaa' mpaka msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili 1. Na Ibn 'Umar mwenyewe alikuwa mmoja wa walioshindana [Al-Bukhaariy na Muslim].

Sisi Hadithi hii huwasomesha watoto kila mwaka, na mara zote huwaomba waitazame ile migawanyo miwili. Farasi dhaifu hakufungiwa nyumbani, wala hakulazimishwa kufukuzana na aliye tayari. Kila mmoja alipewa mbio zinazolingana na hali yake. Wale wanaopima shokapu kwa rula na kuwatenga wa miaka 60 na wa miaka 50, wajue au wasijue, wameufikia uadilifu ule ule.

Kuhusu fedha, hapo mjomba ana sehemu ya haki, na ndugu yetu asikilize vizuri. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daawuud na At-Tirmidhiy kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliifunga zawadi ya mashindano kwenye mambo matatu: ngamia, farasi na mishale. Wanachuoni wakatofautiana katika yasiyokuwa hayo. Wapo waliosimama hapo hapo, na wapo, kama baadhi ya Mashaafi'iy, waliopanua kwa vinavyosaidia jihadi. Ama mashindano yasiyo na malipo yoyote, Ibn Qudaamah katika Al-Mughniy ameeleza kuwa yanajuzu. Pikipiki ya mchezo ya mwaka 1974 si chombo cha vita na hatutaki kuivuta sheria kwa nguvu ili itoshee. Kwa hiyo tunamwambia ndugu yetu akimbie bila fedha. Akipewa kikombe cha bati akiweke juu ya kabati, hatuoni ubaya. Lakini ikiwa kila mshindani ametoa fedha na mshindi anazichukua zote, hiyo ni kamari hata kama wote wamevaa kanzu. Aulize pia kiingilio kinakwenda wapi. Kikiwa ni cha kulipia uwanja, gari la wagonjwa na watu wa bendera, hicho ni kodi ya huduma. Kikiwa ndicho kinachokusanywa kuwa zawadi, ajiondoe.

Na kama wapo wanaoweka dau pembeni, yeye hawezi kuwazuia, ila asikae nao wala asiwachekee.

Tukimaliza haramu tunakuja kwenye aibu. Aibu hii ya mashemeji imetushughulisha zaidi, maana si dalili za dini zinazoisukuma bali macho ya watu. Mama yetu 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) amesimulia kwamba alikuwa safarini na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), wakashindana mbio za miguu, yeye akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, na safari hiyo Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile ya kwanza [Abu Daawuud]. Hesabuni miaka. Mtume alihamia Madiynah akiwa na miaka 53, na nyumba yake na mama yetu 'Aaishah ilianzia huko. Maana yake ni kwamba mbora wa viumbe alikimbia mbio na mkewe akiwa amekwishapita umri wa huyu ndugu yetu, tena mara mbili, na ya kwanza akashindwa. Hakuna aliyeona heshima yake imepungua. Basi heshima ya fundi wa Biryogo itapunguaje?

Tena tuseme wazi, maana linatukera. Katika mitaa yetu vijana hujazana kwenye nyumba za kubeti mechi kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku, na humo hukosekana si mvi chache. Kubeti ni haramu iliyo wazi, haina tofauti ya wanachuoni, wala haihitaji Al-Mughniy. Lakini hatujasikia mashemeji wakiitisha kikao cha ukoo kwa ajili ya mzee anayebeti. Kikao kimeitishwa kwa ajili ya mzee aliyenunua pikipiki kwa fedha yake ya halali, akaitengeneza kwa mikono yake, na mwanawe wa miaka 17 akawa anamshikia tochi na kumpa spana kila baada ya Ishaa. Ndugu yetu anaandika kuwa kijana huyo alikuwa haongei naye tangu mwaka juzi. Sasa wanabishana kuhusu kabureta. Sisi walimu wa madrasa tunajua thamani ya kijana wa miaka 17 anayebishana na baba yake kuhusu kabureta.

Na Waislamu wa nchi hii wasione haya kwa grisi. Wakati wa ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mlango wake kwa mtoto wa Kiislamu ulikuwa mwembamba. Wazee wetu waliowekwa kwenye kambi ya Waswahili pale Biryogo wakashika biashara, ushoni, udereva na ufundi. Malori mengi ya zamani ya nchi hii yaliendeshwa na kina Hamisi na kina Juma. Huo ni urithi, na mtu hadharau urithi wake kwa sababu una harufu ya petroli.

Afrika Mashariki pia imezoea kuona watu wazima wakishinda na mashine kuukuu. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 zilishindwa na Joginder Singh wa Kenya pamoja na ndugu yake Jaswant, na gari lao lilikuwa Volvo iliyokwishatumika, wakaifunga upya wenyewe. Joginder akashinda tena 1974 na 1976, ya mwisho akiwa na miaka 44. Halafu kuna Björn Waldegård wa Sweden. Huyu alishinda Safari mara 4, na ya mwaka 1990 alikuwa na miaka 46. Wengi walidhani habari yake imekwisha. Ilipoanzishwa Safari ya magari ya zamani mwaka 2003, alirudi, akaishinda 2007, akaishinda tena 2011 akiwa na miaka 68, na aliyekaa kiti cha pembeni akimsomea njia ni mwanawe Mathias. Alifariki 2014. Hawa si watu wa dini yetu na hatuwaleti kama kigezo cha dini. Tunawaleta kwa sababu mashemeji walisema jambo hili halijapata kuonekana.

Lipo jambo moja katika mchezo huu ambalo tunaliona lina manufaa makubwa kwa mwanamume aliyevuka miaka 50, nalo ni kushindwa. Nyumbani yeye ndiye baba. Kazini ni mkubwa wa mafundi. Msikitini hupishwa safu ya mbele. Siku zinapita bila mtu kumwambia kwamba leo umekuwa wa mwisho. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Al-'Adhbaa', ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake mchanga akampita. Maswahaba wakahuzunika sana, na Mtume akawafahamisha kuwa Allaah amejiwekea kwamba hakuna kitu kinachopanda hapa duniani ila hukishusha [Al-Bukhaariy]. Fikirini: ngamia wa Mtume, mbele ya watu wake, anapitwa na ngamia mchanga wa mtu wa jangwani. Hakukasirika, wala hakutaka mbio zirudiwe. Mzee wetu atakapopitwa kwenye kona na mzee mwenzake wa miaka 61, akala vumbi lake mpaka mwisho, na mwanawe amesimama kwenye kamba anatazama, hapo atakuwa anamfundisha kijana somo ambalo sisi darasani hutumia wiki nzima na bado haliingii.

Sasa mama watoto.

Dada yetu, swali lako ni zito na hatulifuniki kwa Hadithi za farasi. Katika Suwratul-Baqarah tumekatazwa kujitia wenyewe kwenye maangamizi. Salmaan (Radhiya Allaahu 'anhu) alimkumbusha ndugu yake Abu Ad-Dardaa' kuwa mwili una haki na ahali wana haki, na Mtume akamsadikisha [Al-Bukhaariy]. Na kule alikokuwa Abu Ad-Dardaa' kulikuwa na swaumu na kisimamo cha usiku, ibada tupu. Ikiwa ibada iliyozidi inawekewa mpaka kwa ajili ya mke, mchezo utaachwaje bila mpaka?

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mke huyu ana neno katika jambo hili, na neno lake si la kuombwa baada ya pikipiki kununuliwa. Tumesikitika kidogo, kwa kweli, kwamba swali limekuja baada ya injini kufungwa. Tunamtaka ndugu yetu akae naye chini, amwoneshe daftari: pikipiki imekula kiasi gani, bado inataka kiasi gani, na zinatoka mfuko upi. Pikipiki ya zamani ina tabia ya kuomba. Leo ringi, kesho plagi, keshokutwa pistoni ambayo haipatikani Gatsata yote na inabidi iagizwe nje. Ada ya shule ya muhula ikiwa bado haijalipwa, ringi zisubiri. Akiwa na deni la mtu, deni kwanza. Na akikopa kwa ajili ya mchezo, hata mkopo usio na riba, tunaona amekosea.

Kisha mwili. Motokrosi ya pikipiki za zamani ni salama kuliko ile mpya, lakini salama kuliko si sawa na salama. Watu huvunjika mtulinga, kifundo na mbavu hata kwa mwendo mdogo. Ile kofia ngumu ya abiria tunayovalishwa kwenye moto hapa mjini, imelegea na imevaliwa na watu mia, haifai kabisa huko. Inatakiwa kofia kamili yenye kidevu, buti ndefu ngumu, kinga za magoti, kifua na mgongo. Vitu hivi pengine vitazidi nusu ya bei ya pikipiki yenyewe, na tunajua wanaume: atanunua kabureta mpya na kuahidi kuwa buti zitafuata. Hapa tunampa mke kura ya turufu. Buti zisipofika, pikipiki isitoke uani. Aende hospitali apimwe presha, moyo na sukari kabla, maana ana miaka 52 na vitu hivyo havibishi hodi. Aulize bima yake ya afya inafika wapi akiumia, na hasa akiumia nje ya nchi, aulize kwa maandishi. Na kwa kuwa yeye ni fundi wa kuishi kwa mikono, aweke akiba ya chakula na kodi ya miezi mitatu ambayo haiguswi, maana mtulinga ukivunjika fundi hashiki spana kwa wiki nyingi. Akishindwa kuiweka akiba hiyo, basi mke amekwishajibiwa: mwaka huu bado.

Hili la akiba baadhi ya wenzetu tulioandaa nao makala haya wameliona kali. Wamesema mtu akisubiri miezi mitatu ya akiba hatafanya lolote maishani. Huenda. Lakini mtoto anayelala na njaa kwa sababu ya mchezo wa baba yake hatuna Hadithi ya kumsomea.

Barabara nayo tuitaje. Milima ya Kigali inavutia mtu mwenye pikipiki nzuri, na kuna wakati usiku barabara huwa tupu kabisa. Kukimbizana huko ni dhuluma, kwa sababu anayevuka hakukubali kushiriki. Mzee mwenye pikipiki ya mashindano aisafirishe juu ya gari mpaka uwanjani, asiijaribu mtaani hata kwa dakika tano. Majirani pia wana haki. Injini ya mipigo miwili huchoma mafuta ya injini pamoja na petroli, moshi wake ni wa buluu na mlio wake hupasua masikio. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena Kigali kwa kubeba abiria, zinaingia za umeme zisizo na mlio, na watu wameanza kuuzoea ukimya. Basi asiiwashe wakati mtoto wa jirani amelala, wala karibu na adhana.

Swala isitupwe. Mashindano mengi huwa Jumapili na huanza asubuhi mpaka alasiri, Adhuhuri ikiwa katikati. Kigali mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo aliyetoka huku ni msafiri, anaweza kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Hana kisingizio cha kusema mbio zilimzuia. Aulize ratiba mapema na achukue mswala.

Mwishoni mwa barua yake ndugu yetu ameuliza jambo dogo ambalo mafundi wengi hulipuuza, nalo tumefurahi kuulizwa. Je, akisali na nguo zenye matope na oili swala yake inasihi? Matope asili yake ni tohara, na petroli na oili si najisi, kwa hiyo nguo hazibatilishi swala, ingawa kusimama mbele ya Mola kwa nguo safi ni bora na kanga kuukuu ya kujifunga juu haina uzito kwenye begi. Tatizo ni udhu. Grisi nzito iliyoganda mikononi na chini ya kucha huzuia maji kufika kwenye ngozi, na udhu hausihi mpaka iondoke. Ikibaki rangi tu bila utando, haidhuru. Mafundi husugua kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga laini au vumbi la mbao, kabla ya kutia maji, na inatoka vizuri. Afungashe kidogo ndani ya kopo, na kijana wake achukue lake.

Wallaahu A'lam.